Mlima Wetu Si Godoro

Jumatatu, 11 Februari

Godoro! Ametuita godoro!

Quirin Senn, mkuu wa shule ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kule Steinkar, ng'ambo ya mlima. Leo asubuhi kasema redioni, kwa ile sauti yake ya mtu anayetafuna asali, kwamba kila mtu achague pa kuteleza kulingana na uwezo wake. Anayejua, Steinkar. Anayeanza, Hinterlahn, "kule mlima ni godoro, hata ukianguka unapata usingizi." Mtangazaji akacheka. Burgi, mke wangu, akacheka. Nikazima redio. Burgi akaiwasha.

Mkuu wa shule ya skii ya Hinterlahn ni mimi, Korbinian Gstrein. Nimeishika kazi hii tangu enzi ambazo Burgi alikuwa bado ananisikiliza. Kweli, njia zetu ni za buluu, mteremko mpole. Zote. Yaani zote mbili. Nyekundu hatuna. Nyeusi, ile ya wenye magoti ya chuma, hatuna kabisa. Lakini je, hilo ni jambo la kutangaziwa mkoa mzima wa Tyrol watu wakiwa kwenye kifungua kinywa?

Baya zaidi lilikuja wakati wa supu. Zita, binti yangu, mwalimu bora niliye naye (wa pili ni mimi), kasema Quirin amempigia simu. Mwakani huenda akafundisha Steinkar. Kachoka, kasema, kufundisha plau, mtindo wa wanaoanza wa kujizuia, kutwa kucha: ncha za mbele za skii zikutane, visigino vifunguke, ncha zikutane, visigino vifunguke. Anataka mlima wenye meno.

Nikamwambia atapata mlima wenye meno hapa hapa nyumbani. Akauliza lini. Nikasema kesho.

Sasa nina usiku mmoja wa kutafuta meno.

Jumanne, 12 Februari

Meno yamepatikana. Yalikuwa stoo, kwenye kopo. Rangi nyeusi.

Nimepanda alfajiri nikapaka vibao vyote vya Njia ya Ng'ombe, mojawapo ya njia zetu mbili. Kazi safi, ukiondoa kibao cha tatu kilichonichuruzikia kwenye kiatu. Jina nimelibadili pia. Sasa inaitwa Koo la Ibilisi.

Vinzenz, mwendesha lifti yetu ya kupandisha watu mlimani, alisimama akiangalia huku anavuta kiko. Akaniuliza kama ng'ombe wamearifiwa. Maana kila Septemba wanashuka njia ile ile, wengine wana mimba. Nikamwambia ng'ombe wa Hinterlahn ni wanariadha. Akasema kumbe.

Burgi amesema rangi haiongezi mteremko. Mwanamke huyu hajavaa skii tangu harusi yetu. Anasema ni upumbavu kulipia kiti kikupandishe mahali ambapo kazi pekee iliyobaki ni kushuka. Mimi simjibu mtu wa namna hiyo.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu. Watu hao walishindwa. Ndiyo maana wakatunga methali.

Jumatano, 13 Februari

Siku mchanganyiko.

Mabingwa wamekuja! Vijana watatu kutoka mji wa Innsbruck, helmeti zinang'aa, wamesikia kuna njia nyeusi mpya. Niliwapungia mkono kutoka juu kama jenerali. Walishuka wakiongea. Mmoja alikuwa anakula mkate. Walipofika chini wakaniuliza, kwa adabu, Koo la Ibilisi linaanzia wapi. Nikawaambia wameshalimaliza. Wakatazamana. Yule wa mkate akakohoa sana.

Wakaondoka. Kwenda Steinkar, bila shaka.

Halafu Bibi Hiltje. Mgeni wa chumba cha juu katika nyumba yetu ya wageni, Mholanzi, mkulima mstaafu wa maua, mama mwenye mabega ya mchukuzi na ulimi wa wembe. Kwao kilima kirefu kabisa ni daraja. Amekuja na mwanawe Jorrit kujifunza kuteleza, na ametuchagua sisi makusudi, maana hajawahi kuvaa skii maishani. Jana alifanya somo la kwanza na Zita kwenye uwanja wa chini, akafurahi kama mtoto. Leo alikuwa apande juu. Akaona kibao cheusi.

Akaniuliza njia ya buluu iko wapi. Ile nyingine imefungwa, barafu. Imebaki hii. Hapo ndipo ningeweza kusema, mama, panda tu, hii ni rangi. Mdomo ulifunguka kabisa. Ila Zita alikuwa amesimama karibu, ananitazama.

Nikasema Koo la Ibilisi ni la mabingwa peke yao.

Bibi Hiltje akamwambia mwanawe kwamba basi kesho waende Steinkar, angalau kule ramani inaonyesha kanjia kamoja ka buluu. Mwanafunzi wa siku moja! Steinkar! Zita alikusanya fimbo zake akaingia ndani. Ningependelea angepiga kelele.

Alhamisi, 14 Februari

Naandika nikiwa nimelowekwa kwenye beseni. Mifupa yote inaongea kwa pamoja. Niyaweke kwa mpangilio.

Mpango ulikuwa rahisi. Kwenda Steinkar, kumpata Bibi Hiltje, kumnong'oneza arudi. Tatizo: Steinkar kila mtu ananijua. Dawa: koti la zambarau la Burgi, lenye kofia ya manyoya, skafu hadi puani, miwani mikubwa ya theluji. Nilijitazama kwenye kioo. Niliona mama wa makamo mwenye siha. Kamili.

Nikawaona kwenye foleni ya lifti. Jorrit anasoma ramani ya mlima kama menyu ya hoteli, anachagua kwa sura ya jina. Kachagua lifti isiyo yake. Ile ya viti inayokwenda hadi kileleni! Nikakimbia. Kwenye mlango wa lifti nani kasimama? Quirin Senn mwenyewe. Akanizuilia kiti kisiondoke, akanishika kiwiko. "Taratibu, mama," kasema. "Mlima haukimbii." Nilitaka kumng'ata.

Juu, ukungu. Upepo wa kukata masikio. Nyuma yangu lifti ikasimama, wakafunga kwa sababu ya upepo. Jorrit alikuwa keshateleza bila kukusudia kwenye njia nyekundu, nikasikia sauti yake ikipungua, "Mamaaa, nipo sawaaa," mpaka ikaisha. Na mama yake? Kapotea kwenye ukungu, kashika mkono wa kulia badala ya kushoto.

Mkono wa kulia ni Ukuta. Njia nyeusi. Nyeusi ya kweli, si ya kopo.

Nikamkuta mita chache chini ya ukingo, kakaa juu ya barafu, visigino kavichimbia, hasogei. Alikuwa kimya. Mwanamke yule, kimya! Hapo nikajua mambo ni mazito. Nikapiga simu kwa waokoaji. Wote wako upande wa pili wa mlima na mtu aliyevunjika paja. Tusubiri, wakasema. Nikatazama midomo ya Bibi Hiltje, imekuwa rangi ya koti langu.

Nikatazama chini. Chini haikuwepo. Kulikuwa na weupe, kisha weupe mwingine.

Shajara, wewe hunisengenyi kwa mtu. Sijasimama juu ya njia nyeusi tangu ujanani. Tangu kigingi cha kona kwenye mashindano kiliponivunja mguu mbele ya kijiji kizima. Nafundisha plau kwa sababu plau ndiyo naiweza.

"Dada," akasema Bibi Hiltje. "Unajua kushuka hapa?"

"Najua, mama," nikajibu kwa sauti nyembamba ya kike. Mtu wa ukweli angesema hapana. Yule mama angeganda akiwa na mtu wa ukweli.

Nikamwinua. Plau haishiki kwenye barafu ya Ukuta, inakupeleka tu. Nikamwambia tutashuka ubavu-ubavu: skii zote mbili zikatishe mlima, kingo za upande wa juu zing'ate barafu. Ukilaza skii kidogo, unateleza. Ukiziinamisha tena kuelekea mlimani, unasimama. Kama pazia, kufungua na kufunga. Akalaza. Akateleza kiganja kimoja. Akaogopa, akaegemea mlima, na mara moja skii zikamkimbia, nikamdaka kwa kola.

"Hilo ndilo kosa la watu wote," nikamwambia. "Mwili unataka kukumbatia mlima. Ukiukumbatia tu, miguu inaondoka. Uzito uweke kwenye mguu wa chini. Kifua kielekee bondeni."

"Yaani niegemee shimo?"

"Liegemee kama unamsuta mtu aliye kule chini."

"Nani?"

"Yeyote unayemchukia."

Akafikiri. Hakufikiri sana. "Mume wangu wa kwanza," akasema.

Basi! Akainamia bonde, akaanza. Sijui Kiholanzi lakini nilielewa kila neno. Alimsuta yule bwana kuhusu mama yake, kuhusu meno yake, kuhusu baiskeli fulani. Na kingo zikang'ata! Kila tusi, viganja viwili. Mimi niko chini yake, nimetanua mikono, kwamba akianguka aniangukie. Na nikagundua nami pia namsuta mtu. Sitaandika nani. Jina linaanza na Q.

Katikati ya Ukuta upepo ukaniondolea skafu.

"Dada," akasema. "Una masharubu."

"Ni ya ukoo."

Akanitazama. "Ukoo mzuri," akasema, tukaendelea.

Sijui ilichukua muda gani. Miguu yangu haikuwepo tena, niliikopa kwa Mungu. Tulipotoka kwenye ukungu kulikuwa na umati chini, wanapiga makofi, Jorrit analia, mtu anapiga picha, na Quirin anakuja mbio na glasi ya divai ya moto akiita, "Mama! Mama shujaa!"

Nikachapuka. Nilikuwa ndani ya basi kabla divai haijapoa.

Ijumaa, 15 Februari

Gazeti la wilaya, ukurasa wa kwanza. Picha. Koti la Burgi, uso unaodhaniwa wa Burgi (miwani na skafu niliyoipachika upya), na chini yake: MAMA WA ZAMBARAU NI NANI?

Kijiji kizima kinalijua koti lile. Analivaa kanisani.

Mwoka mikate kampa mkate bure. Padri kamshika mikono miwili. Watoto wa shule wamemwimbia dirishani. Nilisubiri akane. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, Burgi hasemi uongo, hata kuhusu uzito wangu. Na je, alikana? Alisema amefanya tu kile ambacho mtu yeyote angekifanya!

Nikamfuata jikoni. Alikuwa anakanda matonge ya mkate, ametulia kama ziwa. Nikamuuliza maana yake nini. Akaniuliza maana ya nini nini. Nikasema ile kauli. Akasema kila alichosema ni kweli, kama mtu ana taarifa tofauti ajitokeze. Kisha akainua koti na kunionyesha mpasuko wa kwapani, wa mtu mwenye mabega mapana kuliko yake. Akangoja.

Nikasema ninatoka kwenda kuangalia lifti.

Nikikiri, nimekiri pia kwamba nilikwenda Steinkar kupeleleza, nimevaa kama mke wangu. Nisipokiri, tendo kubwa la maisha yangu ni la mtu asiyejua kufunga kiatu cha skii.

Jumamosi, 16 Februari

Nimekiri. Ukumbini kwetu, mbele ya watu, wakati wa chakula cha mchana. Nilisimama juu ya benchi. Nikasema mama wa zambarau ni mimi.

Kisha kicheko ambacho nadhani kimesababisha maporomoko mahali fulani.

Na Quirin alikuwepo! Kaja na maua kumletea Burgi. Akanishika bega. "Bwana Korbi, usimwonee mkeo wivu," kasema. "Kila nyumba ina jogoo, lakini yai halitagwi na jogoo." Watu wakagonga meza kwa furaha.

Nikamgeukia Bibi Hiltje, shahidi wangu. Nikamwomba awaambie. Akafuta mdomo polepole. Akasema aliyemshusha ni dada mmoja mwenye heshima zake, na mambo ya ukoo wa watu yeye hayasemi.

Nilimvizia kwenye ngazi. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akanijibu kwa ukali kwamba nimemkosea kibao. Alikuja Hinterlahn kwa sababu ndipo panapomfaa mtu wa uwezo wake. Alichagua vizuri. Mimi ndiye niliyempeleka Ukutani kwa kopo la rangi. Siku kibao kikirudi buluu, atasimama juu ya benchi lile lile na kusema kila kitu, na masharubu.

Nikamwambia kibao hakirudi.

Akasema basi mambo ya ukoo.

Jioni Zita akanikuta stoo. Alisimama mlangoni. Kasema amemuuliza Bibi Hiltje alivyofundishwa kule juu, na akaambiwa habari ya kusuta mtu aliye bondeni. Kisha akasema alipokuwa na miaka sita, kwenye Njia ya Ng'ombe, nilimfundisha hivyo hivyo. Alimsuta jogoo wa jirani mpaka akafika chini.

"Baba, najua ni wewe," kasema. "Hakuna mwingine anayefundisha hivyo. Na Quirin hajui. Nimemuuliza mbele ya watu angefanyaje. Kasema angemwambia mama wa watu asiogope."

Nilifuta macho. Vumbi la stoo ni kali sana.

"Mambo yaliyomshusha yule mama ni mambo ya buluu," kasema Zita. "Steinkar siendi. Lakini futa ile rangi, baba. Mtu mwingine ataumia."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Hapana! Mtu hanyang'anywi njia nyeusi wiki hiyo hiyo aliyoishuka njia nyeusi!

Jumapili, 17 Februari

Nimeamka, kibao ni buluu. Vyote ni buluu. Zita ana rangi hadi kwenye nyusi na anakunywa kahawa bila haya. Burgi alimshikia kopo. Vinzenz aliwapandisha kwa lifti. Huu si ukoo, ni mapinduzi.

Baada ya misa Bibi Hiltje akapanda juu ya benchi, kama alivyoahidi. Akasimulia yote. Barafu, skafu, masharubu, mume wa kwanza. Alinishika kidevu akanigeuza watu wauone mdomo wangu wa juu. Hakuna aliyecheka. Mwoka mikate akavua kofia. Burgi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alijua tangu Alhamisi, lakini alitaka kuona ningevumilia muda gani mtu mwingine kupewa sifa zangu. Siku moja na nusu, kasema, ni zaidi ya alivyotarajia. Kisha akanibusu. Mbele ya padri.

Quirin alitafutwa kwa simu. Akaja mwenyewe. Uso mwekundu, na kwa mara ya kwanza bila asali. Akanipa mkono na kusema asingeweza. Ukuta, barafu, mama wa siku moja ya masomo, asingeweza. Kasema kuanzia kesho kila anayeanza akifika Steinkar, yeye mwenyewe atamleta kwangu. Kasema pia amekosea kusema godoro.

Nikangoja.

"Ni mto wa kulalia," kasema. Ukumbi ukapasuka. Hata Zita. Hata mimi kidogo, lakini niligeuza haraka kuwa kikohozi.

Alasiri Bibi Hiltje kashuka Njia ya Ng'ombe kutoka juu hadi chini. Plau nzuri, magoti yamekunjwa, kifua bondeni, anatukana polepole. Alipofika akainua fimbo zote mbili. Nilipiga makofi mpaka glavu ikaruka.

Jumanne, 19 Februari

Wanaoanza wamejaa. Wapo Waholanzi, wapo wa Vienna, yupo hakimu mmoja anayemsuta mkwewe kwa Kilatini. Vyumba vyote vimechukuliwa. Zita anaimba. Burgi anapika matonge kama kiwanda. Chama cha utalii kimenitunukia bango: MAHALI PAZURI KULIKO POTE KWA ANAYEANZA. Nimelitundika zizini. Ng'ombe nao wanahitaji kutiwa moyo.

Kila mtu ananiambia, Korbi, sasa umeelewa, eti? Kila mlima na watu wake. Natikisa kichwa kukubali. Kinachotikisika ni kichwa tu.

Maana nimegundua kosa lilikuwa wapi. Burgi alisema rangi haiongezi mteremko. Sawa! Rangi haiongezi. Theluji je?

Leo asubuhi, wote wakiwa kwenye uji, nilichukua mashine ya kusawazisha theluji nikapanda nayo kileleni. Nikasukuma theluji yote ya juu ikae mahali pamoja. Nikarundika. Nikashindilia. Nikarundika tena. Hatimaye nikasimama juu ya mlima mpya, upande mmoja umekatika wima kama mlango wa kanisa. Mwembamba. Mkali. Mweusi! Niliiona Steinkar yote kutoka pale, na nilikuwa naitazama kwa kuinamia.

Ulidumu kama muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kisha ukakohoa na kushuka wote kwa pamoja, ukakaa juu ya kibanda cha lifti. Vinzenz alikuwemo. Yupo salama, tumemchimbua, kiko hakijazimika. Lifti haitembei hadi kesho. Hakimu anamsuta mtu mwingine sasa, kwa Kijerumani, na nadhani ni mimi. Zita anachimba bila kuniangalia. Burgi amesema maneno ambayo shajara haiwezi kuyabeba.

Wanadhani nimekoma. Ila kosa la safari hii ni dogo sana. Theluji ilikuwa kavu, haikushikana.

Kesho naamka mapema, na naenda na mpira wa maji.